Re: S20 kushika nafasi ya laptopu iliyokufa
Mkuu, kama kazi ni Word, barua pepe na ripoti za ofisini ulivyosema, hiyo simu yako ya Samsung Galaxy S20 inatosha, usikimbilie kukopa hela ya laptopu. DeX, mfumo wa Samsung unaoifanya simu ifanye kazi kama kompyuta kwenye skrini kubwa, ilikuja na simu ya S8 mwaka 2017, na tangu Note 9 hauhitaji tena kile kituo chake cha kuchomekea simu. Adapta ya USB-C (tundu la simu) kwenda HDMI (tundu la runinga au skrini) inamaliza kazi. Ila chukua yenye tundu la chaji! Mimi nilibana matumizi, simu ikazima katikati ya jedwali. Kioo cha simu chenyewe unakigeuza kuwa mausi. Jamaa yangu alijaribu na Samsung A54: tundu lile lile, picha kwenye skrini hola. Excel ya makro (amri zinazojiendesha zenyewe) ndiyo usahau.