Barua kwa mwanangu: riwaya inayopoteza herufi

Mwanangu Rehema,

Umeniuliza kama riwaya ya Mark Dunn, Ella Minnow Pea, inaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili herufi kwa herufi. Haiwezekani. Kuiandika upya kunawezekana, na ningefurahi sana ukijaribu.

Kumbuka ilivyojengwa. Ilitoka 2001, na yote ni barua. Kisiwani Nollop, nchi ya kubuni karibu na pwani ya South Carolina, kuna sanamu ya mtu anayetukuzwa kwa kutunga ile sentensi ya Kiingereza yenye herufi zote, ya mbweha anayemruka mbwa mvivu. Vigae vya sentensi hiyo vinaanza kudondoka kwa kuwa gundi imezeeka. Baraza linatangaza kuwa ni amri ya marehemu: herufi iliyoanguka isitamkwe wala kuandikwa. Kosa la kwanza ni karipio hadharani, la pili ni viboko au kufungwa kwenye mbao, la tatu ni kufukuzwa kisiwani. Na kila herufi inayoanguka inatoweka pia katika barua zinazofuata.

Ya kwanza ni Z. Kwa Kiingereza hiyo ni hasara ndogo, na ndivyo udhalimu unavyopata mlango. Kwa Kiswahili ukianza na Z umepoteza “barua zangu” na “nyumba zetu” siku hiyohiyo, na msomaji anashtuka mapema mno. Q na X hatuna kabisa. Anza na D au B: hakuna kiambishi cha nafsi, njeo wala ngeli chenye herufi hizo. Kisha R. Nayo haimo katika viambishi hivyo, ila inaondoka na habari, sheria, serikali, uhuru, hata barua yenyewe. J ifuate. Dunn alipoangusha D, wanakisiwa walilazimika kubuni majina mapya ya siku zote saba. Kwetu J inachukua sita na kuacha Alhamisi peke yake.

Sasa H, ambayo ndiyo moyo wa kazi yako. Amua mapema kwamba ikianguka inaondoka na sh, ch, th, dh na gh, la sivyo utajikanyaga kila ukurasa. Halafu tazama ukanushi. “Sitaki” inabaki. “Hatutaki”, “hawakuona”, “hakukosa” zote zimekwenda. Mtu anaweza kujikania mwenyewe, lakini hawezi kumtetea jirani kwa kusema hakukosa, wala watu kumi hawawezi kusema kwa pamoja kuwa hawakuona. Sijui udhibiti gani wa maneno ungeonyeshwa kwa ukali kuliko huo, na Kiingereza hakina nafasi hiyo. Watabaki na “tunakataa”, kwa hiyo mpe mhusika wako neno hilo alitumie mara nyingi, kisha uangushe T. Tu- ya sisi inakwenda, -ta- ya kesho inakwenda, na “watu” pia.

A iache mpaka mwisho, maana vitenzi vyetu vya Kibantu huishia nayo. Dunn anabakiwa na L, M, N, O, P, zinazosikika kama jina la msichana wa riwaya yake, Ella Minnow Pea. Wewe baki na A, I, M, N. Ukimwita msichana Amina, barua yake ya mwisho inaweza kuwa: “Mama, niamini mimi. Amina.”

Katika riwaya, wokovu ni kupata sentensi yenye herufi zote isiyozidi herufi 32, wakati ile ya mbweha ina 35. Kiwango hicho usikichukue, kwa sababu konsonanti zetu hudai irabu. Hii hapa ya kuanzia, ina 51 ukihesabu c na h mbalimbali: “Fundi yule wa pwani hatacheza ngoma jioni bila kuvaa suruali.” Ipunguze.

Kila ukimaliza barua, itafute herufi iliyokatazwa kwa kompyuta. Macho hayatoshi, hasa kwenye tarehe, salamu na sahihi, maana hapo mkono huandika kwa mazoea.

Nitumie mpangilio wako wa herufi kabla hujaanza sura ya kwanza.

Mama yako