Kabati la kioo lenye kutu na taa ya bafuni: nilivyofanya hapa Tudor, Mombasa, kwa chini ya elfu tano

Dadangu wa Makadara, umeuliza kama elfu kumi zatosha kubadilisha kabati la kioo lililoshika kutu bafuni pamoja na taa ya tyubu ambayo kifuniko chake kimegeuka rangi ya chai. Zatosha na zitabaki, bora tu usikimbilie kununua kabati jipya.

Mimi nilikimbilia. Langu ni sanduku la bati lililozamishwa ukutani tangu nyumba ijengwe, na kioo chake kilikuwa kimeliwa weusi kutoka pembeni. Niliona haya kwa wageni, nikanunua kabati jeupe la elfu nne na mia tano, nikalifunga juu ya lile la zamani kama pazia. Kumbe ni ule ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa. Bafu letu halina dirisha la maana na maji ni ya kisima, ya chumvi. Masika hayajesha, kabati limevimba kama boflo lililosahauliwa kwenye chai na mlango haufungi tena. Nilipolitoa, lile bati la zamani lilikuwa palepale, zima.

Basi nikalirudia. Likiwa na kutu ya juu juu tu, piga msasa mpaka uone bati linang'aa, paka praima nyekundu ya kuzuia kutu, kisha rangi ya mafuta mara mbili, uache mlango wazi siku tatu. Kama kidole kinapenya bati, hapo achana nalo.

Mlango nikaufungua bawaba nikaupeleka kwa fundi wa vioo Mwembe Tayari. Kioo kipya cha milimita 4, kingo zimesuguliwa, mia sita na hamsini. Sikiliza hapa: usikigandishe kwa gundi ya silikoni inayonuka siki. Ile asidi hula rangi ya nyuma ya kioo, na baada ya muda utaona madoa meusi yaleyale uliyoyakimbia. Uliza ile isiyonuka siki, ni ghali kidogo. Kingo za kioo pia zipake silikoni hiyo, kwa sababu unyevu huingilia pembeni. Na skrubu ziwe za shaba au stenlesi. Mimi huenda dukani na kipande cha sumaku. Ikizing'ang'ania, namrudishia muuzaji.

Ukilazimika kutoboa matundu mapya ukutani, zima ile nguvu ya nyundo kwenye drili. Mawe yetu ya matumbawe humung'unyika, tundu la skrubu likawa la panya.

Sasa taa, na hapa usibanie pesa. Nilizima swichi ya bafuni, nikapanda kigoda, nikagusisha testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kuonyesha umeme: ikawaka. Swichi imezimwa na testa inawaka! Aliyefunga waya zamani alipitisha swichi kwenye waya mweusi, ule wa kurudisha umeme, ule mwekundu wenye moto ukaenda moja kwa moja hadi kwenye taa. Miaka yote tulikuwa tukibadilisha tyubu na mikono mibichi. Nikashuka, nikazima meni, ile swichi kuu ya nyumba nzima, nikamwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati. Na mpira wa waya ulikuwa ukikatika kama biskuti, kwa hivyo kipande hicho akakibadilisha.

Nilimwambia asirudishe taa juu ya kioo. Mwanga wa juu hukutia kivuli chini ya macho, wanja unapaka kwa kubahatisha. Aliweka mbili, kulia na kushoto, kimo cha uso: zile duara za plastiki zenye kifuniko cheupe ambazo watu hufunga verandani. Ziwe zimeandikwa IP44 au zaidi, maana yake maji yakiruka hayaingii. LED ya wati 9 yatoa mwanga unaokaribia balbu ya zamani ya wati 60, kwa hivyo mbili ni tele. Rangi ya mwanga chukua 4000K, nyeupe ya wastani. Ukichukua 6500K, nyeupe ya kibuluu, utajiona kama maiti.

Hesabu: kioo 650, msasa na rangi 900, silikoni 450, skrubu 200, taa mbili 1,400, fundi 1,200. Jumla 4,800. Ile elfu nne na mia tano ya kwanza siihesabu, inaniuma.

Halafu dawa usiziweke humo, ingawa watu huliita kabati la dawa. Vidonge vya presha vya mama vililainika kwa mvuke. Sasa viko chumbani, mbali na jua. Humo nimebakisha miswaki, wembe na mafuta ya nazi.

Na kama nyumba ni ya kupanga, kile kioo kibovu usikitupe. Changu kiko juu ya kabati la nguo, kimefungwa gazeti, mwenye nyumba asije akaniambia siku ya kuhama kuwa nilimwibia.