Paka Wako Akipenda Nje Kuliko Ndani

Wengi wanaomchukua paka wa mtaani huanza kwa kumfungia. Mlango unafungwa, madirisha yanafungwa, paka anawekewa maziwa kwenye kisahani, na usiku kucha analia na kuparura mbao mpaka hakuna anayelala. Asubuhi wanasema paka huyu hafugiki. Anafugika, ila si ndani ya kuta nne. Mimi naishi na wa aina hiyo hapa Tanga, paka jike wa kijivu mwenye milia, jina lake Tunu. Ushauri wangu mkubwa ni huu: usishindane na nje. Mpe sababu ya kurudi, mkinge na yale yanayoua huko, mengine mwachie mwenyewe.

Uelewe kwanza alikotoka. Mtoto wa paka huwazoea binadamu kwa urahisi zaidi akiwa kati ya wiki 2 na wiki 7. Aliyepita umri huo bila kushikwa wala kusemeshwa, akalelewa kwenye mitaro ya sokoni na mapaa ya maduka, anakua akijua kwamba mtu ni wa kukimbiwa. Baadaye anaweza kukupenda, tena kwa dhati, lakini kwa masharti yake: karibu na mlango, na njia ya kutokea iwe wazi. Tunu hulala juu ya tangi la maji au kwenye mwembe wa uani. Masika yakianza ndipo huingia, akajikunja chini ya benchi la jikoni, na mlango lazima ubaki wazi kidogo. Ukiufunga, hata mvua iwe inamwagika namna gani, anatoka.

Chakula ndicho kinachojenga uhusiano wote. Mlishe saa ile ile, mahali pale pale, kwa mlio ule ule. Mimi hugonga sufuria kwa kijiko kabla ya adhana ya Magharibi, na popote alipo anakuja. Humpa dagaa waliochemshwa bila chumvi, nikachanganya na wali kidogo. Siku nyingine vichwa vya vibua au utumbo wa kuku. Samaki wapike, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi, wakiliwa kila siku, huharibu vitamini B1 mwilini mwake. Maziwa ya ng'ombe achana nayo, paka wengi wakubwa huwaharisha. Anachohitaji ni maji safi, na kwa joto letu hili yabadilishwe kila siku.

Ukishaweka bakuli, usimkodolee macho wala usinyooshe mkono. Kaa hatua chache pembeni, uendelee na shughuli zako: chagua mchele, menya vitunguu. Akikutazama, fumba macho taratibu kisha yafumbue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 utafiti ulioonyesha kwamba paka humjibu mtu anayefanya hivyo, na kwamba humsogelea zaidi hata akiwa mgeni. Kwa Tunu niliona hivyo hivyo. Umbali ulipungua kidogo kidogo, bila mimi kumwita. Siku aliyonipitishia mkia mguuni nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Niliendelea kukuna, mkono haukusimama, ingawa moyo ulikuwa unaruka kwa furaha. Ningemshika pale pale, tungerudi mwanzo.

Sasa jambo ambalo watu hulikwepa: kumfunga kizazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, mimba yenyewe ni wiki 9 hivi, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Ukimlisha paka wa nje bila kumfunga kizazi, unaongeza idadi ya watoto watakaokufa kwa njaa na magari mtaani kwako. Dume naye ahasiwe, hatazurura mbali sana wala kupigana kila usiku, na majeraha ya kuumana ndiyo huambukiza virusi vya upungufu wa kinga vya paka (havimpati binadamu, usiogope).

Lakini utampelekaje kliniki paka asiyeshikika? Tafuta tenga imara la kuku. Liweke uani, mlango wazi, uanze kuweka bakuli karibu nalo, kisha mlangoni, kisha ndani kabisa. Usimfungie. Mwache ale na kutoka mpaka alione tenga kama sehemu ya uani. Siku ya miadi, akishaingia, funga mlango bila papara na ufunike tenga lote kwa khanga, giza humtuliza. Muulize mapema daktari wa mifugo asile kwa saa ngapi kabla ya upasuaji, ili chambo siku hiyo kiwe kidogo tu. Umwombe pia akate kidogo ncha ya sikio moja wakati paka yuko kwenye usingizi wa dawa. Haimuumi, na ni alama inayotumika nchi nyingi kuonyesha kwamba paka huyu ameshafungwa kizazi.

Safari hiyo hiyo apate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo. Kichaa kipo kwetu, na dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Paka asiyechanjwa akikuuma au kukuparua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka, na lundo la mchanga wa ujenzi lifunikwe, maana ndicho choo anachokipenda.

Majirani waambie mapema. Jirani yangu anafuga njiwa, akaniuliza, "Mwanangu, huyu paka ni wako?" Nikamjibu, "Ni wangu, baba, na nimeshamchanja." Tangu hapo linalomkera huja kuniambia mimi, na sumu ya panya hategi tena ila ndani ya stoo iliyofungwa. Aina ya chakula nayo inasaidia: utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter wa mwaka 2021 ulikuta kwamba chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani kwa asilimia 36.

Anayekuambia kwamba kumwacha nje ni kumtupa, mkumbushe hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.) kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ale vijidudu vya ardhini. Mimi naona haki zote mbili zimo humo, ya kulishwa na ya kuachiwa.

Akipotea siku mbili tatu, zunguka stoo na gereji za jirani, mara nyingi amefungiwa humo bila mtu kujua. Akirudi anachechemea, au akigoma kula zaidi ya siku moja, usimpe dawa ya watu. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Mtie tengani, mpeleke kwa daktari.