Sisimizi wamekuambia kabla yangu

*Jambo Mama. Nina miaka 46, dereva wa lori, Lubumbashi–Kasumbalesa. Tangu mwaka jana nguvu za kiume zinanitoka polepole, na sasa ni miezi minne hakuna kitu, hata alfajiri. Mke wangu anadhani nina biro ya pili, mwanamke wa pembeni, huko mpakani; nikirudi ananusa mashati kabla ya kuyafua. Mzee mmoja aliniuzia unga wa mizizi pamoja na vidonge vya bluu kwenye kifuko cha plastiki. Vilifanya kazi mara moja, kichwa kikaniuma hadi asubuhi. Mchungaji anasema kuna mtu amenifunga, basi nami nifunge siku tatu. Usingizi pia sina: joto hili la Oktoba linanikausha koo, nakunywa soda nne kwa siku, usiku natoka kukojoa mara nne, tano. Watoto wanacheka eti sisimizi wamehamia chooni. Je, nimerogwa? – Dereva, Katuba*

Papa, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma habari za kitanda. Mara ya pili nikasoma habari za choo, na hapo ndipo nilipokwama. Wewe umeziweka mwishoni kama kichekesho cha watoto. Kiu isiyokatika, mkojo usiku kucha, na sisimizi juu yake: Papa, sisimizi wanafuata sukari. Joto la Oktoba tunalijua sote hapa Lubumbashi, lakini joto humtoa mtu jasho na mkojo wake hupungua. Wako unaongezeka.

Sijasema una kisukari, mimi si maabara. Nasema usinunue kitu kingine kwa mtu yeyote kabla hujapima.

Uume hauna mfupa. Husimama kwa damu: ubongo unatuma habari kupitia mishipa ya fahamu, mishipa ya damu inalegea na kupanuka, damu inajaa na kuzuiliwa ndani. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu vyote viwili, mishipa ya fahamu na ya damu. Tena mishipa ya huko ni myembamba, milimita 1 hadi 2, wakati ile ya moyo ni 3 hadi 4. Wewe mtu wa magari unajua ni bomba lipi huziba kwanza. Ndiyo maana mwanaume wa umri wako akileta tatizo hili, daktari mzuri humsikiliza moyo pia. Tatizo la kitanda huweza kutangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa.

Umefanya vizuri kutaja alfajiri. Mwanaume mwenye afya husimamisha mara kadhaa usiku akiwa usingizini, hana habari. Kijana wa miaka 23 akiniandikia kwamba asubuhi yuko sawa ila mbele ya mchumba anashindwa, nitamwuliza habari za hofu, mahari na pombe ya lutuku. Udhaifu wako umekuja polepole, na hata usingizini husimamishi. Hapo mara nyingi ni mwili.

Sasa vile vya bluu. Huenda ni sildenafil. Pfizer walikuwa wakiijaribu Uingereza kama dawa ya maumivu ya moyo, wakagundua inafanya kazi nyingine. Marekani ikaipitisha kwa kazi hiyo Machi 1998. Ikitoka kwa daktari ni dawa nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini anayetumia dawa za kifua za jamii ya nitrati akiimeza, presha inaweza kuporomoka hadi akafa. Na uume ukisimama zaidi ya saa nne bila kushuka, ni hospitali usiku huohuo. Kuhusu unga wa mizizi: Marekani wamekamata mara nyingi dawa za "asili" zilizochanganywa sildenafil kimyakimya. Basi yawezekana yule mzee alikuuzia dawa moja mara mbili, na kichwa kikakulipisha.

Kwa mchungaji, nenda mkasali. Kufunga siku tatu hapana, si kabla ya kipimo. Mimi nakupa mfungo wa usiku mmoja tu: kula bukari yako, ugali, jioni, kisha maji matupu hadi asubuhi, uende kituo cha afya au hospitali ya Sendwe wakutoe damu. Ukiwa hujala, miligramu 126 kwa desilita au zaidi ndiyo kiwango cha kisukari, na daktari ataamua kama arudie. Wakupime na presha. Kama unameza dawa za presha, zitaje. Baadhi hulegeza, na daktari anaweza kukubadilishia, lakini usiziache mwenyewe. Kile kifuko nenda nacho.

Na tafadhali, ukifika mbele ya daktari usianze na mgongo. Nawajua baba zetu: wanakaa, wanasema mgongo unauma, wanapewa dawa ya mgongo, wanarudi nyumbani. Sema "Docta, sisimamishi." Ni maneno mawili.

Mkeo naye anatafuta kwenye mashati harufu ambayo haipo, na hataacha kunusa mpaka umpe sababu nyingine. Mwambie mchana, nje ya chumba, wala usingoje majibu ya damu: "Mama ya batoto, si weye, na hakuna mwanamuke mwingine. Ni mwili yangu njo iko mugonjwa." Asubuhi ya kipimo nenda naye, na yeye pia apime. Mnakula sufuria moja.