Shangazi, samaki huyu ana minyoo: nimtupe?

*Shangazi, shikamoo. Sisi ni watu wa Uvira, tulipitia Nyarugusu, na huu ni mwaka wa pili tuko Grand Rapids, Michigan. Jumamosi wanangu walivua samaki wadogo ziwani, wa ukubwa wa kiganja. Wengine ni bapa kama sato, wengine wa manjano. Kumpasua mmoja, nikakuta vidude vya njano ndani ya nyama, kama punje za mchele. Jirani akaniambia nitupe wote. Ni samaki gani hawa? Wanalika? – Mama wa watatu*

Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa Kigoma. Kabla ya kuja Michigan nilikuwa nauza migebuka pale Kibirizi, na mgebuka ndiye mukeke wenu, kwa hiyo ziwa letu ni moja. Niliposoma kwamba umeambiwa utupe wote, niliumia. Samaki hao ni kitoweo kizuri. Lakini kuna swali hukuliuliza, nalo ni kubwa kuliko la minyoo. Nitalifikia.

Huyo bapa si sato, ingawa umbo linadanganya. Mtazame pua: sato ana tundu moja kila upande, huyu ana mawili. Nyuma ya shavu ana kipande cheusi kama sikio, na mwishoni mwa pezi la mgongoni, upande wa mkia, kuna doa jeusi. Kinywa chake ni kidogo sana. Huku wanamwita bluegill. Ukikuta ncha ya lile sikio ina doa jekundu, na shavuni kuna mistari ya buluu inayopindapinda, huyo ni ndugu yake pumpkinseed, yaani mbegu ya boga. Wapike pamoja, mimi sijaona tofauti ya ladha.

Mwenye kinywa kipana na mwili wa rangi ya fedha ulionyunyiziwa madoa meusi ni crappie. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi, waambie watoto wasimvute kwa nguvu, itachanika aponyoke. Nyama yake ni laini mno kwa mchuzi, mkaange tu.

Na yule wa manjano, mwenye mistari mipana ya giza inayoshuka ubavuni na mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana, ni yellow perch. Kwangu mimi hakuna anayemfikia: nyama nyeupe, imeshikana, tamu.

Sasa vile vidude. Ni minyoo michanga. Mnyoo mkubwa hukaa kwa ndege wanaokula samaki, kama korongo. Mayai huangukia majini, mnyoo anapitia kwa konokono, kisha anajificha ndani ya samaki akingoja samaki huyo aliwe na ndege. Vidoa vyeusi kwenye ngozi, kama pilipili manga iliyosagwa, ni minyoo ya namna hiyo hiyo. Moto unaiua yote. Samaki aive mpaka nyama iachane na mfupa, au kama una kipimajoto, ifike nyuzi 63 za Selsiasi katikati. Mimi huwatoa kwa ncha ya kisu kwa sababu ya macho tu. Samaki aliyejaa minyoo kila mahali simli.

Swali ambalo hukuliuliza ni hili: ziwa gani? Cha kuogopa ni kile kisichoonekana, yaani zebaki na PFAS, kemikali za viwandani zinazoingia majini. Hizo hakuna moto unaoziondoa. Mto Rogue, hapo kaskazini mwenu, samaki wake wamewekewa maelekezo ya kiasi cha kula kwa sababu ya PFAS. Idara ya afya ya Michigan hutoa mwongozo wa bure uitwao Eat Safe Fish, unaotaja maji na samaki mmoja mmoja. Utafute kabla hujawasha jiko, hasa kwa kuwa una watoto. Pale ambapo maji yenu hayana maelekezo yoyote, kuleni mlo mmoja tu kwa wiki, na wiki hiyo msile samaki mwingine. Na kila mwenye miaka 17 au zaidi awe na leseni mfukoni kabla ya kutupa ndoana.

Upishi wangu ni huu. Waweke kwenye barafu pale pale ziwani. Paruza magamba, toa matumbo na matamvua, kichwa bakisha ukipenda. Mchanje kila ubavu hadi mfupani, chanjo zikaribiane kama upana wa kidole, ili miiba midogo ikaangike. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu, nusu saa. Kisha mkaushe vizuri kwa kitambaa, maana maji ndiyo yanayorusha mafuta, mgaragaze kwenye unga wa mahindi, umtie kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa. Usimgeuze mpaka ukingo wa mkia uwe mkavu. Perch ni mgumu kwa magamba, mimi humchuna ngozi nikatoa minofu.

Mdogo wako wa mwisho usimpe samaki mzima. Samaki akishaiva, shika pezi la mgongoni ulivute taratibu kuelekea kichwani. Litatoka na safu yake yote ya miiba. Nyama ya mgongoni hapo ndiyo nene. Ipapase kwa vidole, kisha mpe na ugali.