Choo Kijengwe, Mtoto Asidaiwe

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja: wazazi, walimu na wahitimu wanaotaka kuiinua shule ya msingi ya serikali kwa nguvu zao wenyewe. Ya kwanza imenigusa zaidi, kwa sababu niliwahi kukaa upande ule ule wa meza, na kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa.

SWALI: Ndugu mhariri, salamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule katika kijiji kimoja mkoani Morogoro. Shule yetu ina wanafunzi 840, wasichana wakiwa 430, na matundu ya vyoo yanayotumika ni tisa tu, matano ya wasichana na manne ya wavulana. Kikao cha wazazi kilikubaliana kwamba kila kaya itoe shilingi 5,000. Wiki ya tatu mwalimu mmoja alianza kusoma mstarini majina ya watoto ambao wazazi wao hawajatoa, na baadhi yao wakarudishwa nyumbani. Mzazi mmoja alipeleka malalamiko wilayani, nasi tukaambiwa tusimamishe kila kitu. Fedha kidogo zilizopatikana ziko kwa mweka hazina, wazazi wananung'unika, na watoto wanaendelea kwenda vichakani. Je, serikali imekataza michango kabisa? Na kama haijakataza, tuanzie wapi tena?
Mjumbe, Morogoro

JIBU: Ndugu mjumbe, mchango wa hiari haukukatazwa, lakini kulazimisha kumekatazwa, na kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango hakuteteeki. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada kuanzia Januari 2016, na Waraka Na. 3 wa 2016 ukaeleza wajibu wa kila upande, mzazi akibakiwa na sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto wake. Michango ya lazima iliporudi kwa mlango wa nyuma, Rais John Magufuli aliipiga marufuku Januari 2018, akaagiza walimu wasiguse fedha za wazazi na kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari yake apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Tangu hapo zipo kamati zilizoogopa hata kuitisha kikao, jambo ambalo agizo lile halikulitaka.

Kwa hiyo anzeni kwa kuomba radhi. Mwenyekiti wa kamati asimame mbele ya wazazi, aseme wazi kwamba majina yalisomwa na kwamba halikuwa jambo sahihi, kisha mweka hazina asome kiasi kilichokusanywa, shilingi kwa shilingi, na fedha ziingizwe kwenye akaunti ya shule siku inayofuata. Mzazi aliyelalamika msimtenge. Mwombeni aingie katika kamati ndogo ya ujenzi, kwa kuwa mtu aliyethubutu kufika hadi wilayani ana macho mnayoyahitaji, na wenzake wataiamini hesabu akiwa ameiona yeye.

Baada ya hapo ndipo mzungumzie choo, na hapa nadhani ndipo mlipokosea zaidi, kwa kuwa mlitaja kiasi cha fedha kabla ya kumwonyesha mzazi hali yenyewe. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, maana yake shule yenu inahitaji matundu 22 ya wasichana na 17 ya wavulana, nanyi mna upungufu wa matundu 30. Hata hivyo takwimu hiyo haimtoi mtu kwenye kiti chake. Chukueni nyingine. Wasichana 430 kwa matundu matano ni wasichana 86 kwa kila tundu. Ikiwa mapumziko ya saa nne asubuhi ni ya dakika 30, kila mmoja ana sekunde 21 hivi, kufungua mlango na kunawa mikono vikiwemo. Waalikeni wazee wa kijiji, imamu, mchungaji na diwani waje saa nne kasorobo, wakae chini ya mti ulio karibu na vyoo, na kengele ikilia watazame wenyewe foleni ile, na watazame pia wale watoto wadogo wa darasa la kwanza wanaosukumwa pembeni hadi kengele ya pili inalia hawajaingia. Kwenye kamati ya shule niliyokuwamo mimi, mzee mmoja aliyekuwa mpinzani mkubwa wa michango alisimama kimya muda mrefu, kisha akauliza tofali ngapi zinahitajika.

Uchangiaji wenyewe upitishwe katika mkutano mkuu wa kijiji, si katika kikao cha wazazi peke yake, kwa sababu shule ni ya kijiji kizima na hata asiye na mtoto ana mchango wake. Muhtasari uandikwe na mtendaji, kisha barua ipite kwa mtendaji wa kata na kwa afisa elimu kata hadi kwa mkurugenzi, ikiambatana na ombi la ramani na makadirio kutoka kwa mhandisi wa halmashauri. Najua safari hiyo ya makaratasi inachosha, lakini ndiyo itakayowakinga siku nyingine mtu akipeleka malalamiko. Asiyekuwa na fedha apewe nafasi ya kutoa mchanga, mawe, maji au siku mbili za kuchimba shimo, na thamani yake iandikwe kwenye daftari lile lile pamoja na waliotoa fedha. Watu wa Tanga na Kilimanjaro wanauita utaratibu huo msaragambo, na nimeona mara nyingi kwamba aliyechimba shimo kwa mikono yake haruhusu mtu yeyote kuliharibu.

Angalizo moja nimelinunua kwa gharama. Kamati yetu ilipopata fedha za kwanza ilikimbilia kununua mifuko 60 ya saruji, kwa kuwa saruji inaonekana na wazazi wanafurahi kuiona, tukaipanga sakafuni katika chumba kimoja cha darasa chenye bati bovu. Shimo lilikuwa halijachimbwa, mvua za masika zikaingia, na tulipoifungua mifuko ya chini tulikuta mawe matupu. Wazazi hawakuamini kwamba ni mvua. Kwa hiyo chimbeni kwanza, jengeni shimo na msingi, na saruji inunuliwe kwa kadiri ya kazi ya wiki.

Msijipe pia mzigo wa matundu 30 kwa mara moja. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati ya hizo shilingi 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine zikibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa wanafunzi 840 ni kama shilingi 420,000 kwa mwezi, ambazo zina matumizi yake tayari. Pandisheni boma la matundu nane kwa nguvu za wananchi, anzeni na ya wasichana, kisha ombeni umaliziaji kutoka halmashauri na kutoka Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Jengo lililofika kwenye renta lina nguvu ya kuomba kuliko barua tupu. Na kila Ijumaa mbandike ubaoni, mahali ambapo mpita njia atasoma, kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Majina ya waliotoa yawekwe wakiridhia wenyewe. Ya wasiotoa yasiwekwe popote.

SWALI: Sisi ni wahitimu 63 wa darasa la saba wa mwaka 1994, tuko Dar es Salaam na kwingineko, na tunataka kuipelekea shule yetu ya zamani madawati 50 siku ya mahafali. Wengine kundini wanasema tupeleke fedha. Tufanyeje?
Mhitimu, Temeke

JIBU: Mpigieni simu mwalimu mkuu kabla ya kumpigia fundi seremala. Mwaka 2016 nchi nzima iliingia katika kampeni ya madawati, Bunge nalo likatoa shilingi bilioni 6 lilizobana katika matumizi yake, na baada ya muda zikaonekana shule zenye madawati mengi kuliko vyumba vya kuyaweka. Huenda shule yenu inahitaji tanki la maji au bati 40 za kuezekea. Mkijua kinachohitajika, lipieni kifaa chenyewe dukani, kifikishwe shuleni kwa hati ya mapokezi yenye saini ya mwalimu mkuu na ya mjumbe wa kamati. Fulana za mahafali zenye picha zenu zinaweza kusubiri.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa malezi. Nataka jamii ijue kwamba wasichana wetu wa darasa la sita na la saba wanakosa masomo siku za hedhi, lakini nikilitaja kikaoni wazee wanainamisha vichwa na akina mama wanacheka. Nifanyeje?
Mwalimu, Pwani

JIBU: Mwalimu, usilianzishe jambo hilo kwenye kikao cha wote. Pwani hamjakosa watu wa kulisema: waiteni makungwi na masomo wa mtaa huo, ambao wamekuwa wakiwafunda wasichana tangu zamani, muwaonyeshe daftari la mahudhurio lenye siku zilizokosekana, bila kutaja majina, na muwaachie wao wazungumze na akina mama. Wazee waambiwe lugha ya ujenzi, kwamba choo kipya kiwe na chumba kimoja chenye maji, mlango wenye komeo kwa ndani na mahali pa kuchomea taka, nao watajua ni cha nini bila kuulizwa. Bei ya taulo za kike msiisubiri ishuke: kodi ya ongezeko la thamani iliondolewa mwaka 2018 na kurudishwa mwaka 2019. Tafuteni fundi cherehani mmoja awafundishe wasichana kushona za kitambaa zinazofuliwa, na tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Duniani, waalikeni mama zao waje waone kazi hiyo. Wavulana wa darasa la saba wapewe kazi ya kutengeneza vibuyu chirizi vya kunawia mikono mlangoni mwa choo.