Maswali ya Wasomaji: Zana za Kusaka Hitilafu Baada ya Python 3.14

SWALI: Ndugu Mshauri, ninatunza kompyuta na mfumo mdogo wa kupokelea kahawa katika chama cha msingi cha ushirika, nje kidogo ya mji wa Moshi. Mfumo huo umeandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu, na makarani wa mizani huufungua kwa kivinjari. Niliposikia kwamba toleo la 3.14 limetoka, niliondoa toleo la 3.11 nikasakinisha jipya. Tangu hapo moduli (kipande cha msimbo kinachokuja na Python) ya cgitb, iliyokuwa ikinionyesha makosa kwenye ukurasa wenyewe, haipatikani. Seva ya majaribio ya barua pepe niliyokuwa nikiiwasha kwa smtpd haiwaki. Na dibaga (zana ya kusimamisha programu na kusaka hitilafu) ya kwenye kihariri cha msimbo inaelezwa kuwa haijasakinishwa, ingawa niliisakinisha mwaka jana. Zana hizi zimehamishiwa wapi, na nitazipataje kabla msimu haujapamba moto?
Msomaji wa Kiboriloni, Moshi

JIBU: Ndugu yangu wa Kiboriloni, matatizo yako matatu yanafanana kwa sura, lakini chanzo chake si kimoja, na ukiyachanganya utamaliza bando ukisakinisha vitu ambavyo hukuvihitaji.

Tuanze na dibaga ya kwenye kihariri, kwa sababu hiyo haijaondolewa na mtu yeyote. Kila toleo la Python lina folda yake ya kuhifadhia vifurushi vya ziada, kiasi kwamba ulichokisakinisha ukiwa na 3.11 hakionekani kabisa na 3.14, ni sawa na mtu aliyehamia nyumba mpya akashangaa kukuta sebule tupu, na vyombo vyote vipo kule alikotoka. Dawa yake ni kuisakinisha upya dibaga hiyo kwa pip, programu ya Python ya kusakinishia vifurushi, kwa kutumia toleo jipya lenyewe, yaani kwa amri inayoanza na "py -3.14 -m pip install" kama unatumia Windows, au "python3.14 -m pip install" kama seva yako ni ya Linux. Ukiandika "pip install" pekee, huna hakika ni Python ipi inayopokea kifurushi, na katika kompyuta yenye matoleo mawili au matatu kosa hilo hutokea mara nyingi sana. Kisha hakikisha kwamba kihariri chenyewe kimeelekezwa kwenye Python hiyo hiyo, kwani vihariri vingi huendelea kukumbuka njia ya zamani mpaka uibadilishe kwa mkono.

Hizo nyingine mbili zimeondolewa kweli. Moduli ya smtpd iliondolewa katika toleo la 3.12, lililotoka Oktoba 2, 2023. Mbadala wake ni kifurushi cha aiosmtpd, ambacho si sehemu ya Python yenyewe bali husakinishwa kwa pip. Ukikiwasha kwa "python -m aiosmtpd -n" kitasikiliza kwenye kompyuta yako katika mlango wa mtandao (port) namba 8025 na kuchapisha kwenye terminali kila barua inayofika, bila kuituma kokote. Kwa kazi yako ya kujaribu taarifa za barua pepe, hilo linatosha.

Moduli ya cgitb, pamoja na mwenzake cgi inayosoma data za fomu kutoka kwenye kivinjari, ziliondolewa katika toleo la 3.13, la Oktoba 7, 2024, pamoja na moduli nyingine kadhaa zilizoonekana kuwa zimepitwa na wakati au hazina wa kuzitunza. Hazikuondolewa kwa kushtukiza: tangu 3.11, toleo ulilokuwa nalo, Python ilikuwa ikitoa onyo kila moduli hizo zilipoitwa, ila onyo la namna hiyo huishia katika kumbukumbu za seva ambazo watu wengi hatuzifungui mpaka kitu kiharibike. Ukitaka mfumo usimame leo, sakinisha kifurushi kinachoitwa legacy-cgi, ambacho kimezihifadhi moduli zote mbili kwa majina yale yale, hivyo msimbo wako hautahitaji kuguswa.

Hata hivyo, nisingekushauri uirudishe cgitb katika mfumo unaotumiwa na makarani. Zana hiyo huonyesha kwenye ukurasa vipande vya msimbo pamoja na thamani za vigezo wakati hitilafu inapotokea, na kama miongoni mwa vigezo hivyo limo nenosiri la hifadhidata, basi aliyekaa mbele ya kivinjari atalisoma. Tumia moduli ya logging, ambayo ni sehemu ya Python, na mahali unapokamata hitilafu uweke "logging.exception", ripoti yote itaandikwa kwenye faili la seva, naye karani ataona tu ujumbe wa kumwomba amwite mtunza mfumo.

Umeuliza pia utazipataje zana, na hapa nina neno la kuongeza kwa kila anayebadilisha toleo. Watu hukimbilia kutafuta zana za nje kabla ya kutazama zile zilizokuja ndani ya kifurushi chenyewe cha Python, na kwa bahati nzuri hizo za ndani hazisubiri mtu yeyote azirekebishe, kwa kuwa hutolewa siku moja na lugha. Dibaga ya pdb imo. Tangu toleo la 3.7, la mwaka 2018, unaweza kuandika "breakpoint()" katika mstari wowote wa msimbo, na programu itasimama hapo ikusubiri uikague, kuanzia 3.13 husimama kwenye mstari ule ule ulioandika agizo hilo, ilhali zamani ilisogea hadi mstari unaofuata. Ripoti za hitilafu zenyewe zimekuwa msaada mkubwa: tangu 3.11 huonyesha sehemu hasa ya mstari iliyoleta kosa, tangu 3.13 huonyeshwa kwa rangi, na katika 3.14 hata msimbo unaoonyeshwa ndani ya pdb umepakwa rangi.

Zana za nje hufuata baadaye, nyingine baada ya siku chache, nyingine baada ya miezi. Zinazochelewa zaidi ni zile zenye sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C, kwa sababu zinagusa viungo vya ndani vya Python ambavyo hubadilika kila mwaka, na aghalabu hulazimika kujengwa upya kwa kila toleo. Kabla ya kuhama, fungua ukurasa wa kifurushi katika PyPI, hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya Python, utazame majina ya mafaili yake. Jina lenye "cp314" maana yake faili hilo limejengwa kwa ajili ya 3.14; lenye "py3-none-any" ni Python tupu na kwa kawaida hukubali. Ukikuta yanaishia "cp313" na hakuna jingine, pip itajaribu kukujengea zana kutoka kwenye msimbo wake asilia, na kama kompyuta haina kikusanyaji (compiler) cha C utapata ukurasa mzima wa makosa yasiyohusiana na kahawa yako.

Kwa hali yako ningerudi kwenye 3.11 mpaka mavuno yapite. Toleo hilo litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027, kwa hiyo hakuna kinachokukimbiza. Matoleo hayo mawili yanaweza kukaa katika kompyuta moja bila kugombana. Liache la zamani lifanye kazi ya ofisi, na katika jipya uendeshe nakala ya mfumo kwa "python -X dev", hali ambayo huyaleta mbele ya macho maonyo yote yaliyokuwa yakifichwa. Utajua mapema kitakachoondolewa katika matoleo yajayo.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Ninafanya kazi katika kampuni ya utalii hapa Arusha, na mfumo wetu wa kupokea oda za safari, unaotumia Python 3.14 kwenye seva ya Linux, hukwama mara moja moja bila kuandika kosa lolote. Nimesikia kwamba toleo hili lina uwezo wa kuunganisha dibaga kwenye programu inayoendelea kufanya kazi. Je, ni kweli, na naweza kuutumia wageni wakiwa wanaendelea kuweka oda?
Kijana wa Sanawari, Arusha

JIBU: Marahaba. Ni kweli, na kwa maoni yangu ndilo jambo kubwa kuliko yote katika 3.14 kwa upande wa usakaji wa hitilafu. Tafuta namba ya mchakato (PID) wa programu yako, kisha uandike "python3.14 -m pdb -p" ukifuatisha namba hiyo. Zamani tulitegemea zana za nje kama py-spy au gdb kwa kazi ya aina hii. Programu haihitaji kuwa imeandaliwa mapema, ila pande zote mbili ziwe Python 3.14, nawe uwe na ruhusa ya kugusa mchakato huo, jambo ambalo kwenye seva nyingi maana yake ni kutumia akaunti ya msimamizi.

Kuhusu wageni, kuwa mwangalifu. Pdb inapokusubiri uandike agizo, sehemu ya programu uliyoisimamisha haiendelei, na mgeni aliye upande wa pili atatazama ukurasa usiofunguka. Ingia, andika "where" uone programu iko mstari gani, kisha utoke upesi.

Lipo jambo jingine ambalo huenda likakugusa zaidi. Dibaga haiingii kwa nguvu: humwachia Python ujumbe, naye huutekeleza anapofika mahali salama, yaani anapotekeleza agizo lake linalofuata. Kama programu yako imekwama ikisubiri jibu la hifadhidata au la mtandao, hakuna agizo linalofuata, na dibaga itasubiri pamoja nayo. Nashuku hilo ndilo linalowapata, maana programu inayokwama bila kosa mara nyingi huwa inasubiri kitu. Kwa hiyo weka pia faulthandler, moduli iliyomo ndani ya Python tangu 3.3. Katika mwanzo wa programu uandike "faulthandler.register(signal.SIGUSR1)", ukiwa umeita moduli za faulthandler na signal, siku mfumo ukikwama, tuma ishara hiyo kwa amri ya "kill -USR1" na namba ya mchakato, nayo itachapisha mistari ambapo kila uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi) wa programu umesimama, hata kama unasubiri mtandao.

Mkishaipata hitilafu, fungeni mlango huo wa dibaga kwenye seva ya kazi kwa kuweka kigezo cha mazingira PYTHON_DISABLE_REMOTE_DEBUG kiwe 1, kisha muiwashe programu upya.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, ninafundisha somo la kompyuta katika shule ya sekondari huko Usa River. Maabara yetu haina intaneti ya uhakika. Nitasakinishaje dibaga kwenye kompyuta zote za Windows baada ya kuweka Python mpya?
Mwalimu, Usa River

JIBU: Mwalimu, pakua mara moja tu mahali penye intaneti, hata kama kompyuta utakayoitumia ina Python ya zamani. Andika "pip download debugpy -d zana --python-version 3.14 --platform win_amd64 --only-binary=:all:", ukiweka jina la zana unayoitaka mahali pa debugpy, ambayo ni dibaga ya nje inayotumiwa na vihariri. Amri ikikataa, maana yake zana hiyo bado haina faili linalofaa toleo lako, nawe utakuwa umelijua hilo kabla ya kubeba chochote. Ikikubali, nakili folda ya "zana" kwenye flashi, na katika kila kompyuta ya maabara uandike "py -3.14 -m pip install --no-index --find-links zana debugpy" ukiwa ndani ya flashi hiyo. Na kama wanafunzi ndio kwanza wanaanza, waanze na pdb, ambayo tayari wanayo.